Wauza samaki wa mapambo, mbona mnatuuzia "msafisha tenki" hata hamjui ni samaki gani??

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Mwaka jana nilienda duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar, sitalitaja, nikamwambia muuzaji tenki langu limejaa mwani, ule mweusi unaoota kama manyoya kwenye majani, nataka Siamese algae eater, yule samaki anayekula mwani huo, na picha nikamuonyesha kwenye simu. Akanichotea watatu wadogo kama kidole cha mwisho, wana mstari mweusi ubavuni, akasema ndio hawa hawa kaka. Nikalipa.

Leo amebaki mmoja, amepita sentimita 15, mwani hata haugusi, kazi yake ni kuwakimbiza enjelifishi wangu, anawaganda ubavuni anawanyonya ule utelezi wa ngozi. Jana asubuhi nimemkuta enjeli wangu mkubwa amekufa, nimemlea tangu akiwa saizi ya kifungo cha shati, ubavu mmoja magamba yote yametoka nyama inaonekana. Imeniuma sana jamani.

Nikakaa kusoma, kumbe niliuziwa Chinese algae eater, Gyrinocheilus aymonieri (jina tu hilo la China, kwao hasa ni Mekong na mito ya Thailand), huyu anaweza kuvuka sentimita 25! Akiwa mdogo mwani anakula vizuri tu, akishakua ndo anakuwa mkorofi hivi.

Na kuwatofautisha wala sio kazi ngumu, ndo maana nakasirika. Tazama mdomo, wa huyu uko chini kama kikombe, anajibandika kwenye kioo anatulia hapo hapo, tena juu ya shavu ana tundu la ziada la kuvutia maji apumue huku mdomo umebana. Siamese hana mdomo wa hivyo, akipumzika anaegemea mapezi yake. Halafu mstari, wa Siamese unanyooka mpaka mwisho kabisa wa pezi la mkia, wa huyu unakomea mkia unapoanzia, kwenye pezi lenyewe ni madoadoa. Ukiona mstari mweusi una mwingine wa dhahabu juu yake na mapezi yana weusi, huyo ni flying fox, samaki mwingine tena, naye wanamuuza kwa jina hilo hilo la Siamese.

Sasa mtu anauza samaki kila siku hata mdomo hajawahi kuuangalia? Nimemrudia ananiambia "kaka wote si wanakula uchafu tu", hela hataki kurudisha.

Nimemtenga kwenye beseni kubwa na pampu. Mwenye tenki la lita 300 kwenda juu lisilo na enjeli wala goldifishi aje PM, nampa bure, ila aje na ndoo yenye mfuniko maana huyu anaruka.