Chati ya udhibiti iko shwari kabisa, lakini vifurushi vyepesi haviishi. Naombeni ushauri

Kipimo_Halisi aliandika:

Wakuu, habari za kazi.

Niko kitengo cha ubora kwenye laini ya kufungasha sabuni ya unga, kifurushi cha gramu 500. Mashine ina nozeli nne zinazojaza kwa pamoja. Kila nusu saa tunachukua vifurushi vinne, kimoja kutoka kila nozeli, tunapima, kisha wastani unaingia chati ya juu na R (kizito kabisa kutoa chepesi kabisa) inaingia chati ya chini. Mipaka ya udhibiti (nukta ikiivuka, ni dalili ya jambo lisilo la kawaida) tumeikokotoa kwa makundi 25 ya mwanzo: wastani wa jumla gramu 502.0, wastani wa R gramu 8.0. Kwa kundi la vinne jedwali la chati hizi linatoa 0.729 ya kuzidisha na wastani wa R, kwa hiyo mipaka ni 502.0 ± 5.8, yaani 496.2 hadi 507.8.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: nukta zote zinalala kati ya 501 na 503, hakuna hata moja inayosogelea mpaka, lakini ukaguzi wa mwisho kila zamu unakuta vifurushi vilivyo chini ya 497, na hivyo haviruhusiwi kutoka. Msimamizi ameshakata tamaa na chati, anataka tufute mipaka yetu tuchore 497 iwe mstari wa chini. Opereta naye akiona wastani umeshuka kidogo chini ya 502 anakimbilia skrubu ya kurekebisha. Tatizo liko wapi, na nimjibu nini msimamizi?

Mdau_wa_Laini:

Mkuu, sigma 3 (mipaka kuwa mbali na wastani mara tatu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko) ni pana mno kwa kazi yenu. Bana mipaka iwe sigma 2, chati itaanza kusema.

Nukta_Tisa:

Mdau, hapo sikuungi mkono. Kwa sigma 2 mipaka yake inakuwa kama 498.1 hadi 505.9. Nukta zake ziko 501 hadi 503, kwa hiyo bado chati itakaa kimya vilevile. Halafu siku atakapokuwa na chati iliyojengwa sawasawa, sigma 2 itamletea kengele ya uongo takriban mara moja kila nukta 22. Akipima kila nusu saa, hiyo ni kila baada ya saa 11 za kazi, mashine haina kosa lolote. Kwa sigma 3 ni kama mara moja kwa nukta 370. Walter Shewhart, mwanatakwimu wa Marekani, alipochora chati ya kwanza ya aina hii mwaka 1924 alikuwa anatafuta mahali ambapo hasara ya kukimbizana na kisichokuwepo na hasara ya kupitwa na kilichopo zinawiana. Mpaka wa sigma 3 umedumu kwa sababu hiyo.

Bi_Sampuli:

Ndugu mleta uzi, jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye sentensi ya tatu: "kimoja kutoka kila nozeli".

Mipaka ya chati ya wastani inatoka kwenye R. R inatakiwa ipime mtikisiko wa kawaida tu, ule wa vifurushi vilivyotoka pamoja katika hali ileile. Ya kwako inapima kitu kingine: umbali kati ya nozeli inayojaza sana na inayojaza kidogo. Umbali huo upo katika kila kundi, kwa hiyo R inavimba, mipaka inatanuka, na wastani wa nne zote unatulia katikati kwa sababu nozeli nzito inaifunika nyepesi kila mara.

Wengi wakiona nukta zimekumbatia mstari wa kati wanashangilia. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Mchakato wa kweli hautulii namna hiyo. Kwa mipaka yako, karibu theluthi moja ya nukta zilipaswa kuwa nje ya 500.1 hadi 503.9, yaani zaidi ya sigma 1 kutoka katikati. Huna hata moja.

Chukua karatasi zako za zamani, kama uzito uliandikwa kwa nozeli. Usipime upya, panga tu namba kwa safu nne na utafute wastani wa kila safu. Kisha urudi hapa.

Nukta_Tisa:

Naongezea kwa msimamizi. 497 ni sharti la kifurushi kimoja kimoja, chati inabeba wastani wa vinne. Hivyo viwili havichorwi kwenye karatasi moja, kwa sababu wastani unaweza kuwa 502 huku ndani yake kuna cha 496. Sharti linasema mnachotaka, mipaka ya udhibiti inasema mashine inaweza nini. Na huyo opereta azuiwe leo. Deming, mwanatakwimu na mtaalamu wa ubora, aliliandika sana hili: mchakato ukiwa umetulia, ukirekebisha kila mara kwa kiasi kilekile kilichopotoka kipimo cha mwisho, mchepuko sanifu unakua kwa asilimia 41 hivi.

Kipimo_Halisi:

Nimepanga safu. Nozeli ya 1 wastani 506.1, ya 2 ni 503.0, ya 3 ni 501.0, ya 4 ni 497.9. Ndani ya safu moja namba zimeshikana sana, vipimo vingi haviachani na wastani wao kwa zaidi ya gramu 2. Vile vya chini ya 497 karibu vyote ni vya nozeli ya 4. Mashine yenyewe ni nzuri, Bi Sampuli! Skrubu anayogusa opereta inasogeza zote nne kwa pamoja, kwa hiyo akiinua ya 4 anamwaga sabuni zaidi kwenye ya 1.

Bi_Sampuli:

Basi umelipata. Fundi arekebishe kila nozeli peke yake, na muda wa marekebisho uandikwe juu ya chati palepale. Kisha chukua vifurushi vinne mfululizo kutoka nozeli moja, kila nozeli na chati yake. R itashuka kufikia gramu 2 hivi, na mipaka itakuwa kama gramu 1.5 kila upande wa wastani. Hapo nozeli ikianza kuziba utaiona mapema. Kusanya makundi 20 hadi 25 mapya kwa kila nozeli kabla ya kukokotoa mipaka, na namba za zamani usizichanganye humo.

Mdau_wa_Laini:

Nimeelewa, na mimi narudi kuangalia sampuli zangu zinachukuliwaje. Bi Sampuli, mashine ikiwa na nozeli 24 bado ni chati 24?

Bi_Sampuli:

Hapana, opereta hawezi kuzisoma zote. Fungua uzi wake, utaje pia kama nozeli zinalishwa na tangi moja au zaidi, maana mgawanyo wa makundi unaanzia hapo.