Naomba ushauri: naanzaje kupeleka michoro yangu galari?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji, nipo Dar. Nachora kwa rangi za mafuta kwenye kanvasi, zaidi wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki Feri. Sio ule mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, ingawa watalii huniulizia hiyo kila mara.

Natamani sana kazi zangu zionekane kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, au kituo cha utamaduni wa Kifaransa, Alliance Française. Je, mtu anaanza kwa barua pepe yenye picha na wasifu, au anakwenda mwenyewe na kazi mkononi? Picha nazipiga kwa simu, bluu ya bahari inatoka kijivu, inaniuma kweli.

Halafu kamisheni: galari nyingine huchukua hadi nusu ya bei. Hiyo inajadilika? Mliowahi kufanya maonyesho naombeni mnielekeze, hasa mkataba uandikweje.