Mustang ya 67: nipige rangi kwanza au nihangaike na injini?

mtoto_wa_likoni
Wakuu habari zenu. Niko Columbus, Ohio, usiku nabeba maboksi ghalani, mchana nalala kidogo alafu nashinda gereji. Mwezi wa tatu nimenunua Ford Mustang ya 1967, ile ya paa la kawaida sio ya mgongo wa kuteremka, bei ya maana kabisa maana ilikuwa imekaa bandani kwa mzee wa watu miaka kibao. Muuzaji aliniambia ni V8 ya kiwandani na kweli ukifungua boneti V8 ipo. Plani yangu ni nyeusi tii na mistari miwili myeupe, rimu pana, ekzosi ya kelele, nikipita mtaani watu wageuze shingo. Rangi nishanunua ipo ndani.

Sasa shida. Nilibadilisha waya za plagi nikafuata mpangilio wa kuwaka silinda wa injini ya 289 (V8 ya Ford ya miaka hiyo) niliouona kwenye video, 1-5-4-2-6-3-7-8, tangu hapo inapiga chafya kwenye kabureta na inatetemeka kama ina malaria, na kabla sijaigusa ilikuwa inawaka freshi tu. Ya pili ndogo, kapeti upande wa dereva linalowa mvua ikinyesha, nahisi ni mpira wa mlango. Je nipige rangi wakati huu wa joto alafu injini baadae, au? Msinicheke, ndo gari yangu ya kwanza kuifungua kwa mkono wangu.

fundi_gerezani
Kucheka lazima tucheke ila kwa upendo. Mimi niko Dar, Mustang nimeziona kwenye picha tu, nimekulia kwenye Peugeot 504 na Datsun, lakini kutu ni kutu haina uraia. Hilo la kapeti unaliita dogo ndo kubwa kuliko yote uliyoandika. Nyanyua kapeti lote, toa na zile nguo za chini, chukua bisibisi gonga sakafu taratibu. Ikilia ngo ngo una bahati, ikizama basi hapo umenunua rangi ya kupaka ungo. Na ukikuta mtu kashawahi kujaza pati juu ya matundu usistaajabu, hiyo kazi ipo dunia nzima.

shem_houston
Fundi amenena. Mkuu mimi nimefanya ya 66 na ya 68 hapa nyumbani, mke wangu bado ananiulizia ile parking yake. Kapeti la dereva kulowa kwenye hizi gari mara nyingi sio mpira wa mlango, ni lile boksi la bati lililo chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa. Wamarekani wanaliita kauli, na kwa kweli ndilo lenye kauli ya mwisho kwenye Mustang. Maji yanaingia kwenye matundu yatoke pembeni kwenye mafenda, ila majani yakijazana humo maji yanakaa, kutu inakula zile shingo za ndani, yanadondokea sakafuni chini ya dashibodi. Utapaka rangi ya mamilioni juu huku chini inaoza. Kupima ni bure, mtu amwage maji taratibu kwa mpira kwenye hayo matundu, wewe lala kichwa chini ya dashibodi na tochi.

Alafu kabla sijasema kitu kuhusu injini nipe mambo matatu: herufi na namba tano za mwanzo za chesesi, kila tairi lina nati ngapi, na namba iliyo kwenye bloku ya injini juu ya stata inaanza na nini.

mtoto_wa_likoni
Chesesi 7F01T. Nati nne nne pande zote. Bloku imejaa grisi ila nimesugua nimepata E6 alafu mengine. Kuna ubaya?

shem_houston
Ubaya upo na uzuri upo. 7 ni mwaka 1967, F ni kiwanda cha Dearborn, 01 ni hilo paa lako, na T ni injini ya silinda SITA. Ingekuwa V8 ya kiwandani pale pangekuwa na C au A au herufi nyingine, na nati zingekuwa tano. Bloku nayo, kwa Ford herufi C ni miaka ya sitini, D sabini, E themanini, kwa hiyo hiyo yako ni ya kuanzia 86, mtu kaichomoa kwenye gari nyingine akaitupia humo.

Ndo maana inapiga chafya. Injini nyingi za 5.0 HO, yaani V8 za Ford za lita tano zenye nguvu zaidi, za kuanzia 82 zinafuata 1-3-7-2-6-5-4-8, kinachoamua ni kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, sio jina la gari. Ukilinganisha utaona 1, 2, 6 na 8 haziguswi, we badilishana waya ya 3 na ya 5, alafu ya 4 na ya 7, basi. Sasa hivi silinda nne zinafanya kazi, nne zinapigana ngumi na hewa.

Kinachonitisha mimi ni breki. Aliyeweka V8 kaacha ekseli ya silinda sita, dramu ndogo za silinda sita, na stelingi nayo hivyo hivyo. Hiyo gari inakimbia kuliko inavyosimama. Pesa ya rimu pana nunua ekseli ya nati tano na diski za mbele, maana ukianza na rimu utakuwa umenunua za nati nne za kutupa.

bibi_landrover
Mimi nasema tofauti kidogo, huyu kijana asivunjike moyo. Ingekuwa ya asili kila namba inalingana, kila bolti angeogopa kuibadilisha na wazee wa maonyesho wangemsuta. Hii ni mseto tayari, aweke atakacho, giaboksi ya gia tano, viti vya kisasa, na spea zake zinatengenezwa mpya mpaka leo hata bodi nzima inauzwa. Ila mwanangu, hiyo gari haina fremu ya kujitegemea kama Landrover yangu, sakafu ndo uti wa mgongo. Usikate pande zote mbili kwa pamoja, chomelea kwanza bomba kukatiza uwazi wa kila mlango, la sivyo utamaliza sakafu milango isifunge. Na tangi la mafuta kwenye Mustang hizo juu yake ndo sakafu ya buti, litoe nje ya gereji kabla hujawasha mashine ya kuchomelea huko nyuma. Mume wangu hana nyusi moja mpaka leo, sisemi zaidi.

mtoto_wa_likoni
Mrejesho. Nimebadilisha waya nne kama shem alivyosema, imewaka imetulia tuli, glasi ya maji ningeweka juu ya boneti. Nikafurahi dakika kumi. Alafu nikamwita jirani ashike mpira wa maji mi nikalala chini ya dashibodi na tochi, hata sekunde ishirini hazikufika nikapata tone la kwanza jichoni. Bisibisi imezama sehemu mbili upande wa dereva, abiria kuko ngo ngo.

Ile rangi muda wake wa kukaa kwenye kopo ni miezi mingapi? Na kuna mtu anauza ekseli ya nati tano karibu na Ohio?

fundi_gerezani
Ifunike vizuri iweke ndani pasipo baridi. Picha ya hilo jicho tunaomba.