Makocha wanahesabu sekunde na kilo za watoto wetu, hakuna anayeuliza kama wanajua kusoma

Ndugu zangu, nimelinyamazia jambo hili kwa miaka mingi. Wiki iliyopita baba mmoja Mkongo ninayesali naye hapa Marekani alinionyesha barua tano kutoka kwa makocha wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo vikuu, wote wakimtaka mwanawe wa miaka 16, na katika barua zote tano sikuona sentensi hata moja inayouliza kijana huyo anataka kusomea nini. Zilitaja urefu wake, uzito wake na sekunde anazotumia kukimbia yadi 40. Baba yule, anayefanya kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala na aliyejifunza Kiingereza ukubwani, aliniambia kwa furaha, "Mwalimu, mtoto amepata chuo." Nilishindwa kumjibu palepale, na ndiyo sababu nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sitaki kuificha.

Kwa miaka minne nilikuwa mwalimu wa masomo ya ziada katika idara ya michezo ya chuo kikuu kimoja kikubwa cha kusini mwa Marekani, ambacho sitakitaja jina. Kijana wa kwanza niliyepangiwa alikuwa na uzito wa karibu kilo 140, mpole, mwenye adabu, anayemwita kila mtu mzima kwa heshima. Nilimpa ukurasa mmoja wa kitabu cha historia ausome kwa sauti. Aliweka kidole chini ya mstari, akasoma maneno matatu, akaruka la nne, akaendelea hivyo hivyo, na alipofika mwisho wa aya jasho lilikuwa linamtiririka usoni ilhali chumba kilikuwa na kiyoyozi. Nilipomuuliza aya ile inasema nini, alifunga kitabu taratibu, akaniomba nisimwambie kocha. Alikuwa na miaka 18, ana cheti cha sekondari, na ana barua ya udahili ya chuo kinachowakataa kila mwaka maelfu ya vijana wanaosoma na kuandika vizuri kuliko yeye. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikitarajia kwamba atashtuka kama nilivyoshtuka mimi. Aliniambia kwamba kijana anastahili kucheza, na kwamba kazi yangu ni kuhakikisha anaendelea kustahili.

Neno hilo "kustahili" ndilo linalowadanganya wazazi. Wengi wetu tunadhani kwamba mtoto akishakubaliwa, basi kuna mtu aliyepima uwezo wake wa darasani akaridhika. Kilichopimwa ni ruhusa ya kuingia uwanjani. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinamtaka mchezaji wa Division I, ambalo ni daraja la juu kabisa, awe amemaliza masomo 16 ya msingi katika sekondari, yakiwamo manne ya Kiingereza na matatu ya hisabati kuanzia Aljebra ya kwanza, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Masomo 10 kati ya hayo lazima yakamilike kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi; alama zake zikishafungwa hapo, kurudia somo hakuzirekebishi. Hisabati ya chini ya Aljebra haihesabiwi hata kama mtoto amepata alama ya juu kabisa. Kocha wa sekondari analijua hilo. Mshauri wa masomo analijua pia. Mzazi aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hawezi kulijua, na katika familia tatu za watu wetu nilizozisaidia hakuna iliyoambiwa habari hii mtoto akiwa darasa la tisa, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kupanga. Kuvuka kizingiti hicho bado si kuweza kusoma chuoni, kwa sababu kila chuo hujiwekea viwango vyake vya udahili, na vyuo vingi vina utaratibu maalumu wa kuwachukua waombaji wenye vipaji ambao hawafikii viwango vya wenzao. Utaratibu huo ungekuwa neema kubwa kama chuo kingemchukua mtoto kikiwa kimejiandaa kumfundisha.

Nisieleweke kwamba nataka kizingiti kipandishwe ili watoto wa maskini wafungiwe nje. Mwaka 1983 vyuo vilipitisha kanuni iliyoitwa Proposition 48, ambayo ilianza kutumika mwaka 1986 na kudai wastani wa 2.0 pamoja na alama 700 katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, na walioumia zaidi walikuwa vijana weusi waliosoma katika shule duni. Ilipokuja Proposition 42, ambayo ingewanyima hata ufadhili wa masomo wale wasiofikia viwango hivyo, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, John Thompson, aliondoka uwanjani tarehe 14 Januari 1989 kabla ya mchezo kuanza, kwa kupinga. Alikuwa na haki kabisa. Januari 2023 NCAA iliondoa moja kwa moja sharti la mitihani ya SAT na ACT, na hilo nalo silipingi. Kinachoniudhi ni kwamba kwa miaka 40 watu wazima wenye shahada wamebishana juu ya upana wa mlango, na yanayomkuta mtoto akishaingia ndani hayajawashughulisha hata nusu ya hapo.

Mimi niliyaona. Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Mwaka 2014 ofisa wa bodi ya mahusiano ya kazi ya serikali ya Marekani aliyesikiliza shauri la wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern alikuta kwamba walikuwa wanatumia saa 40 hadi 50 kwa wiki kwa ajili ya futiboli, na Kain Colter, aliyekuwa anaongoza mashambulizi ya timu hiyo, alieleza jinsi ratiba ya mpira ilivyomkwamisha kufuata masomo ya kumpeleka kwenye udaktari. Hicho ni chuo chenye sifa ya kujali masomo! Mahali nilipofanya kazi, vipindi vya maabara vilikuwa alasiri na mazoezi yalikuwa alasiri, kwa hiyo mchezaji aliyetaka sayansi alishauriwa kwa upole abadilishe mawazo.

Kisha kuna kanuni ya 40, 60 na 80, ambayo naomba kila mzazi aielewe. Mchezaji anapoanza mwaka wa tatu lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake, mwaka wa nne asilimia 60, na wa tano asilimia 80. Ilitungwa kwa nia njema, ili wachezaji wahitimu. Katika utekelezaji, kijana anayegundua mwaka wa pili kwamba anapenda uhandisi hawezi kuhamia huko bila asilimia zake kushuka na kupoteza ruhusa ya kucheza, hivyo anabaki kwenye shahada aliyochaguliwa na ofisi ya michezo kwa sababu ilikuwa nyepesi. Timu nayo hupoteza pointi za NCAA mchezaji anapokosa sifa za kimasomo, na zikishuka chini ya 930 inaweza kuzuiwa kucheza michuano ya mwisho wa msimu. Sasa niambieni, mshauri anayelipwa na idara ya michezo atamshauri nini kijana anayetaka kujaribu kemia?

Mambo haya yakiachwa hufika pabaya sana. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, kuanzia mwaka 1993 hadi 2011, walitoa alama kwa masomo yasiyokuwa na vipindi wala mhadhiri. Mwanafunzi aliwasilisha insha moja, na kwa miaka mingi aliyeisahihisha alikuwa mfanyakazi wa ofisi. Ripoti ya wakili Kenneth Wainstein ya Oktoba 2014 ilikuta kwamba wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia masomo hayo, karibu nusu yao wakiwa wanamichezo. Miaka mitatu baadaye NCAA ilitangaza kwamba haikuweza kuthibitisha kuvunjwa kwa kanuni zake, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Niliisoma hukumu hiyo mara mbili na nilipomaliza mikono ilikuwa inanitetemeka.

Wala si jambo jipya. Jan Kemp, mwalimu wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliondolewa kazini baada ya kupinga upendeleo waliopewa wachezaji darasani, akashinda kesi yake mwaka 1986. Dexter Manley alipita chuo kikuu cha Oklahoma State, akaingia NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, akatwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili, kisha mwaka 1989 akakiri mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kwamba alikuwa amepita shule zote hizo bila kujua kusoma. Mtu mzima alilia mbele ya taifa kwa kosa la walimu wake.

Na asije mtu kunijibu hapa kwamba mpira na masomo havichangamani. Myron Rolle alicheza katika chuo kikuu cha Florida State, akahudhuria usaili wa Rhodes, ufadhili wa kwenda kusoma Oxford, siku ya mechi ya Novemba 2008, akaupata, akaruka kwa ndege kuiwahi timu yake, na leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Kwa siku moja tu chuo kilikubali mpira usubiri.

Fedha zipo. Novemba 2023 chuo kikuu cha Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher ikijua kwamba mkataba unaidai zaidi ya dola milioni 75. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na tayari nawasikia watu wakisema kwamba mchezaji anayelipwa hana la kulalamika. Wachezaji wa vyuo wanaofika NFL hawafiki 2 kati ya kila 100. Wengine wote wataishi kwa kile walichojifunza.

Kijana wangu wa kilo 140 aliumia goti msimu wake wa tatu. Mwaka uliofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha yangu, na nilipouliza niliambiwa kwamba ameamua kurudi nyumbani. Miezi minane baadaye alinipigia simu akiniomba nimsomee fomu ya kuomba kazi kwenye kampuni ya kubeba mizigo. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, mimi nikisoma, yeye akiandika herufi moja moja.

Baba yule Mkongo nimemwandikia maswali ya kumuuliza kocha atakayekuja sebuleni kwake: wachezaji wa nafasi ya mwanawe waliosajiliwa miaka mitano iliyopita wamehitimu wangapi, na kwa shahada gani; maabara za sayansi ziko saa ngapi; mtoto akiumia, ufadhili wake unaendelea hadi ahitimu, na limeandikwa wapi. Ameniahidi kwamba hatasaini kitu kabla ya kupata majibu kwa maandishi. Mwenye kijana aliye sekondari sasa, hasa darasa la tisa au la kumi, aandike hapa chini masomo anayosoma mtoto wake, bila kutaja jina la mtoto wala la shule, nami nitayapitia moja moja na kumwambia yapi yanahesabiwa.