Ukiombwa maoni yako kuhusu kitabu, usitubandikie uchambuzi wa mtihani

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia kwa muda mrefu, na leo nimeona niseme. Kila anapotokea mtu humu kuuliza wenzake wameionaje riwaya au tamthiliya fulani waliyoisoma karibuni, majibu yanayofuata hayana maoni ya mtu yeyote. Tunabandikiwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kwa mpangilio ule ule wa vijitabu vya uchambuzi wa vitabu teule, na mwishoni tunaambiwa kwamba jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Hakuna anayesema kitabu kilimkera wapi, kilimliza wapi, wala ni ukurasa gani aliurudia mara ya pili. Mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anaulizwa amekionaje kitabu, anajibu kama mtahiniwa.

Hivi karibuni niliomba mawazo ya watu juu ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba ambayo wengi wetu tuliisoma tukiwa sekondari. Nilitaka kujua jambo moja tu: Mzee Mitomingi anapozitia moto karatasi za sensa, msomaji amwonee huruma au amlaani? Mchangiaji wa kwanza alinijibu kwa maelezo marefu ya fani na maudhui, yaani namna kitabu kilivyoandikwa na yaliyomo, na hakujali hata kuondoa maneno "Maswali ya Marudio" yaliyokuwa chini kabisa, pamoja na maswali yenyewe. Wa pili akaandika kwamba Mitomingi ni mlevi, ana wake wengi na anawakilisha wazee walioshikilia ukale. Wa tatu akanakili maneno ya wa pili na kuongeza kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Swali langu halikuguswa na yeyote, na uzi ukafa siku ile ile.

Hebu tukitazame kisa chenyewe. Ngoswe ni mtumishi wa serikali aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anapokewa nyumbani kwa Mitomingi, ambaye ni balozi wa nyumba kumi, naye badala ya kushika kazi iliyompeleka anamtaka Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na kupanga kutoroka naye. Karatasi zinapoungua, kinachoteketea ni taarifa za kaya zote zilizokubali kumfungulia mgeni milango na kumtajia watu wake. Kichwa cha tamthiliya kinalaumu penzi, na uchambuzi wote ninaobandikiwa humu umeingia kupitia mlango huo bila kusita. Mimi siamini kwamba penzi ndilo lililozichoma zile karatasi. Aliyekabidhiwa dhamana ya kuzilinda ni kijana msomi anayejua thamani yake, na ndiye aliyeuvunja ukarimu wa nyumba iliyomhifadhi. Mzee aliyewasha moto alikuwa baba aliyeibiwa binti na mgeni aliyekuwa akila kwake. Mtu anaweza kunipinga akasema kwamba Mitomingi naye ni kiongozi, na kwamba uchungu wa mzazi haumpi ruhusa ya kuharibu mali ya umma. Hoja hiyo ningeipokea kwa mikono miwili, tena ningekesha nayo, kwa sababu ni hoja ya mtu aliyesoma akafikiri. Kuniambia kwamba Mitomingi ana wake wengi hakunisaidii kitu.

Chanzo cha maradhi haya kinajulikana. Mtihani wa kidato cha nne humpa mtahiniwa orodha ya vitabu, humtaka achague viwili, kisha humwagiza atoe hoja kadhaa kutoka katika kila kimoja. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na nakala chache za riwaya analazimika kuandika hoja ubaoni, mwanafunzi anazikariri, na kijitabu cha uchambuzi kinanunuliwa haraka kuliko kitabu kinachochambuliwa. Ndugu zetu wa Kenya nao wana miongozo yao, na wako wanaoweza kukutajia sifa za kila mhusika wa Chozi la Heri ya Assumpta Matei bila kuwa wameifungua riwaya yenyewe. Simlaumu mwanafunzi hata kidogo; anatafuta alama ili apite. Wala sina ugomvi na fani na maudhui kama njia ya kufundishia, kwa kuwa inamzoeza kijana kutazama kazi ya fasihi pande zote. Ugomvi wangu ni na watu wazima, waliokwisha kumaliza mitihani, ambao hawasahihishwi na mtu yeyote, na bado wanaogopa kutamka neno "naona".

Kipengele kinachoniudhi kupita vyote ni "nafasi ya mwanamke". Humo mwanamke amechorwa kama mzazi na mlezi, amechorwa kama mwenye mapenzi ya dhati, amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama jasiri, na majibu haya hubandikwa juu ya kitabu chochote kile, kwa kubadilisha majina tu. Sekai wa riwaya ya Takadini, aliyengoja mtoto kwa miaka mingi, akajaliwa mwana mwenye ualbino, kisha akaambiwa kwamba mila inamtaka mtoto huyo afe, anatoroka na kichanga kwenda kwa watu asiowajua. Hilo nalo linaitwa "jasiri", neno lile lile wanalopewa wahusika wengine wote wa kike, na mjadala unaishia hapo. Hakuna anayeuliza ni nini kilipita moyoni mwa mwanamke anayeacha nyumba ya mumewe usiku kwa ajili ya mtoto ambaye kijiji kizima kimekwisha kumhukumu. Rosa wa mwandishi Euphrase Kezilahabi, anayechapwa na baba yake Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana, huwekwa chini ya kichwa "malezi mabaya", kana kwamba riwaya ya Rosa Mistika iliandikwa mwaka 1971 ili iwe semina ya wazazi. Mimi nilipoirudia hivi karibuni nilimkasirikia Zakaria, ndiyo, lakini nilimkasirikia zaidi kila mwanamume aliyekuja baada yake, kila mmoja akichukua alichokitaka na kumwachia binti yule fedheha yote peke yake. Humu jamvini sijamsikia mtu akiwataja hao kwa hasira. Wote wako kwenye orodha ya wahusika wadogo.

Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo yumo Zita, mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, ambaye anaumwa na mbwa mwenye kichaa na kufa. Nimesoma humu majibu mengi yakimtumia Zita kama mfano wa pili wa dhamira ya umaskini. Kifo cha mtoto kimegeuzwa kuwa nukta ya alama mbili. Kama umeusoma mkasa ule ukabaki na neno "umaskini" tu, basi hukuusoma. Umeusomewa na mtu mwingine.

Na msidhani kwamba filamu zimesalimika. Amil Shivji alipoitengeneza filamu ya Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na ikaoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, nilitegemea kwamba sasa watu watazungumza kuhusu macho yao na masikio yao: rangi za zile kuta, sauti ya taarabu, ukimya kati ya wapenzi wale, Yasmin na Denge. Watu wale wale wakaja na "dhamira ya ukombozi", "ndoa za kulazimishwa" na "matabaka", mambo ambayo mtu angeweza kuyaandika bila kuitazama filamu hata dakika moja. Hakukuwa na neno juu ya waigizaji, wala juu ya kile kilichoachwa kitabuni na kama kuachwa kwake kuliidhuru hadithi. Kwangu mimi roho ya riwaya ile ni Mwajuma, mwanamke fukara, mwimbaji wa taarabu, anayempokea Yasmin katika chumba chake cha Ng'ambo, mtaa wa Zanzibar, bila kumuuliza ataleta nini. Nilitaka kujua kama waliotazama filamu wameiona roho hiyo kwenye skrini. Nikaambiwa kwamba Mwajuma ni rafiki wa kweli na kwamba anafaa kuigwa na jamii.

Matokeo yake yanaonekana wazi. Vitabu visivyoingia katika orodha ya shule havizungumzwi kabisa. Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, riwaya fupi mno ambazo mtu huzimaliza kwa siku moja na kubaki nazo kichwani miaka, ila hazikubali kupangwa katika visanduku vya sifa za wahusika, na kwa hiyo humu hazina mtu. Mwandishi chipukizi anayechapa riwaya yake leo kwa fedha za mfukoni naye hapati msomaji wa kumwambia kwamba sura ya tatu inachosha au kwamba mazungumzo yake yana uhai. Anangoja wizara imteue, au asahaulike.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba nikiwa na hasira: anayetaka kubandika uchambuzi afungue uzi wake wa wanafunzi, ambao watamshukuru, na atuachie nyuzi zinazouliza watu wameonaje. Swali la Ngoswe nalirudisha hapa, kwa wale walioisoma tamthiliya yenyewe. Mitomingi alikosea, au hakukosea? Na Mazoea, ambaye kila mtu anamzungumza kama mali iliyoibwa, yeye mlimwona anataka nini?