Tupeane uzoefu: mazoezi tiba kwa waliobanwa neva ya kifundo cha mkono

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tupeane uzoefu juu ya mkono kufa ganzi, nami nianze na wangu. Nashona nguo Kariakoo, na kwa miezi minne nilikuwa naamka saa nane za usiku kuukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyetoka kunawa, kwa kuwa dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa havina hisia, ilhali kidole cha mwisho hakikuwa na neno. Nyumbani walihofu kiharusi. Nikachuliwa mafuta ya karafuu hadi ngozi ikachubuka, na ganzi ikabaki palepale.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinikunjisha vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana, na kabla ya dakika moja kutimia vidole vilianza kuchonyota. Alinieleza kwamba neva ya vidole hivyo hupita katika njia nyembamba pamoja na kano 9 za kukunjia vidole, chini ya utepe mgumu usiotanuka, hivyo njia ikijaa, neva ndiyo inayoumia, wakati kidole cha mwisho huponea kwa sababu neva yake hupita nje. Alinipa sapoti yenye bamba, niivae kila usiku kwa wiki 6 ili kifundo kisijikunje usingizini, pamoja na zoezi la kutelezesha kano: vidole vinanyooshwa, vinakunjwa kama ndoana, vinafumbwa ngumi, kisha vinanyooshwa tena, taratibu, bila kulazimisha. Wiki ya tatu nililala hadi adhana ya alfajiri. Nisiwafiche, siku hizo nilikuwa pia nimempa kijana wangu kazi yote ya kukata vitambaa, na sijui mkasi ule ungeniruhusu kupona.

Mchangiaji wa Mbagala: Pole sana, kaka. Mimi ilinianza nikiwa na mimba ya miezi saba, nikikanda unga wa chapati za biashara. Kliniki waliniambia ni maji ya mwilini yanayoongezeka wakati wa ujauzito. Nilivaa sapoti tu, na wiki chache baada ya kujifungua ganzi ikaondoka.

Mchangiaji wa Ukonga: Mimi nilipuuza kwa miaka miwili, nikakutwa na kisukari pia, na kufikia hapo nyama ya chini ya dole gumba ilikuwa imenywea kiasi kwamba mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Mazoezi peke yake hayakutosha. Utepe ule ulikatwa kwa upasuaji. Wengi hudhani operesheni ndiyo mwisho, lakini nyuzi zilipotolewa nilirudi kwa fiziotherapia kuchua kovu lisigandamane na kubana sponji ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na ndoo ya lita 20 niliibeba tena baada ya miezi mitano. Ganzi ya usiku iliisha mapema. Nyama ya dole gumba haijarudi yote.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Shemeji yangu amependekezewa sindano ya kifundoni kabla ya kufikiria upasuaji. Aliyewahi kuchomwa, nafuu ilidumu muda gani, na je, aliendelea na sapoti?