Naomba ushauri: niwaoneshe watoto filamu ya mlima wa moto?

Asalaam alaykum jamani, mie niko Wete, skuli zikifungwa tunataka kuwawekea watoto wa mtaani filamu na nimechagua Dante's Peak ya 1997, ile Pierce Brosnan anawaambia mlima utaripuka na wakubwa wa mji wanasitasita wasije wakamkimbiza mwekezaji. Naipenda sana kwa vile dalili zote zinaonekana, miti inakufa, maji ya bomba yanatoka machafu, na bado watu wanangojea tu!

Sasa tabu yangu ni yule bibi anaeshuka ziwani maji yashageuka tindikali, anaungua mbele ya wajukuu zake. Mtoto wa miaka saba minane atalala kweli usiku? Na ile gari kupita juu ya lava, ule uji wa mawe ya moto, si kweli, tairi zingewaka pale pale, naogopa wataamini.

Nataka niwaeleze na yaliyotokea kweli, mfano Armero kule Colombia 1985, tope la mlima Nevado del Ruiz liliua watu zaidi ya 20,000, au Goma kule Kongo 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilipoingia mjini. Mlima Karthala wa Ngazidja, Komoro, nao uliripuka 2005, na huko tuna ndugu, ndo maswali yatakuja.

Walimu wa jiografia na wazazi nisaidieni, kipande cha bibi nikiruke au niwaite watoto wakubwa peke yao? Na mtoto mdogo unamueleza vipi kama Pemba yetu haina mlima wa moto, akaelewa na asiogope?